Sarafu za kale Kisumu: waone wazee kabla ya kununua mashine

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue ditekta gani, ile mashine ya kusaka metali ardhini? Wengine huja pesa ziko mfukoni tayari, wanachotaka ni jina la kampuni na namba ya mtu wa kuwaletea mzigo kutoka Nairobi. Mimi huwaambia wangoje. Ukitaka sarafu za kale hapa Kisumu na viunga vyake, anza na wazee. Mashine husikia metali iliyo chini ya koili yake, ile sahani ya mwisho wa mpini, sentimita 20 hivi kwenda chini ikiwa udongo ni mzuri, basi. Haijui soko la zamani lilikuwa wapi, wala karani wa kodi aliweka meza yake chini ya mti gani. Anayeyajua hayo ni bibi aliyeketi barazani akianika omena, na ukimwamkia vizuri atakueleza yote mpaka ushindwe kuyashika.

Pesa huanguka pale inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sokoni, mlangoni pa duka, kituo cha reli, kivukoni, kwenye kilabu cha busaa, uwanja wa kanisa siku ya sadaka. Shamba ambalo halijawahi kuwa chochote ila shamba, utalichana kutwa nzima ukatoka na misumari, vizibo vya soda na vipande vya jembe.

Pia ujue unachokitafuta. Kisumu si Lamu, mji wa kale wa pwani. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Pesa iliyokuja na reli ilikuwa rupia ya India. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka huko kujenga njia hiyo, mishahara ilikuwa ya rupia, na wenye maduka waliowafuata, Allidina Visram akiwa mkubwa wao, waliuza kwa rupia. Serikali nayo ilipoanza kudai kodi ya nyumba, ilidai rupia. Kwa hiyo hiyo ndiyo sarafu nzito ya kwanza unayoweza kukutana nayo: metali ya fedha (silver), karibu asilimia 92, gramu 11 na ushei, na uso wa Malkia Victoria au wa mwanawe Edward. Ikitoka ardhini huwa nyeusi au ya kijivu, lakini kingo zake hazijaliwa. Fedha nzuri haiozi.

Mwaka 1906 ndipo zilipoanza kutolewa sarafu zenye maandishi ya "East Africa & Uganda Protectorates", rupia moja ikigawanywa senti 100. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Senti moja za 1907 na 1908 zilikuwa za alumini. Hazikustahimili jasho na unyevu wa huku kwetu, zikaliwa, na kuanzia 1909 zikabadilishwa kuwa za nikeli na shaba. Hizo za alumini ukizipata zimeumuka na kuchubuka kama ugonjwa wa ngozi. Mashine yako itazisoma sawasawa na karatasi ya alumini ya pakiti ya sigara. Ukiiambia ipuuze karatasi za sigara, itapuuza na senti za 1908, nawe utapita juu yake ukipiga mluzi.

Rupia iliondolewa mwaka 1920, ikaja florini iliyodumu muda mfupi sana, halafu shilingi mwaka 1921. Shilingi ya simba amesimama mbele ya milima ndiyo utakayoipata mara nyingi. Za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake, za 1948 kuja mbele hazina hata chembe. Huhitaji maabara kuzitofautisha, soma mwaka tu. Shilingi yenye uso wa Malkia Elizabeth usiitafute, haikutengenezwa kwa Afrika Mashariki. Uso wake uko kwenye thumuni, yaani senti hamsini.

Halafu zipo zenye tundu. Senti moja, ndururu (senti tano) na ile ya senti kumi ambayo wazee wa hapa huiita otonglo, zote zimezungukwa na pembe za ndovu. Zilitungwa kwenye kamba, zikafungwa kwenye pindo la leso, na zikipotea hakuna aliyesumbuka kuinama kuzitafuta. Ndiyo maana ziko kila mahali. Kwa thamani ni za chini, mwenye kukuahidi utajiri kwa otonglo moja anakucheka. Ila zigeuze usome jina la mfalme. Za 1936 nyingi zina jina la Edward wa Nane, aliyetawala tangu Januari hadi Desemba mwaka huo huo akajiuzulu. Uingereza kwenyewe hawakuwahi kutumia sarafu zenye uso wake, lakini kwa kuwa hizi zetu zina tundu na hazikuhitaji uso wa mtu, ziliwahi kuchongwa na kusambazwa. Si adimu, wala hazitakununulia ng'ombe. Mimi huzipenda kuliko shilingi zote za fedha.

Sasa turudi kwa wazee. Usiende na mashine siku ya kwanza. Nenda mikono mitupu, au na kilo ya sukari ukiwa mtu wa adabu. Uliza mambo ya kawaida: siku ya soko ilikuwa ipi, watu walitoka wapi, ng'ombe waliuzwa upande gani, duka la Mhindi lilikuwa na mlango unaoelekea wapi. Usiulize "sarafu ziko wapi?" maana hakuna anayejua, na swali hilo huamsha mambo mengine kabisa.

Upande wa Kibigori, reli inakopita kwenye mashamba ya miwa, mzee mmoja alinisikiliza kwanza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akanyoosha fimbo.

"Unaona ule mkuyu? Mizani ya mahindi ilining'inia kwenye tawi lile la chini, lile lililokatwa. Mama yangu alikuwa akinituma na debe."

"Malipo yalitolewa hapo hapo, jaduong'?"

"La. Ukipimiwa unapewa karatasi, unaenda nayo dirishani kwa Mhindi. Nyumba imebomoka, lakini dirisha lilitazama njia ya reli. Watu walisukumana hapo, we!"

Tawi lililokatwa lilikuwepo. Nyumba haikuwepo, ila mstari wa mawe ya msingi ulionekana kwenye nyasi ukichunguza. Chini ya mkuyu, palipokuwa na mizani, sikupata kitu isipokuwa kulabu iliyoliwa na kutu. Hatua chache mbele ya msingi, upande unaotazama reli, mashine ilianza kuimba. Senti za tundu zilitoka moja baada ya nyingine, tundu zimeziba kwa udongo mwekundu uliokauka kama kizibo. Unausukuma kwa kijiti, unapangusa kwa kidole gumba, pembe za ndovu zinajitokeza. Moja ilikuwa na msumari wa bati umepita katikati ya tundu lake mpaka kichwani: kuna fundi aliyeona kuwa senti ni rahisi kuliko washa (washer) ya dukani. Hiyo siiuzi.

Bila yule mzee ningeshinda chini ya mkuyu, kwa sababu mti mkubwa ndio humvuta kila mgeni. Kumbe pesa haikupita hapo, mahindi ndiyo yaliyopita.

Nije kwenye sheria, na hapa tafadhali usirukeruke. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni chochote cha kuhamishika, mbali na vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Vitu vya namna hiyo vikiwa ardhini ni mali ya serikali, na kuvitafuta kwa kuchimba kunahitaji leseni ya waziri. Ukikutana na kitu cha kiakiolojia kwa bahati, unatakiwa utoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Kwa wengi wetu mwaka huo unatupa nafasi: shilingi ya 1922 au otonglo ya 1943 haimo katika fungu hilo. Lakini rupia ya 1862 je? Mwaka uliochongwa juu yake hausemi iliingia lini. Huenda ililetwa na kibarua wa reli mwaka 1900, huenda iliingia na msafara miaka ishirini kabla yake. Usijifanye hakimu. Piga picha, weka alama mahali, peleka habari Kisumu Museum, wao ndio kazi yao.

Kwa sababu hiyo hiyo Mumias mimi siendi na mashine. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilipiga kambi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, muda mrefu kabla reli haijafikiriwa. Mzungu mpelelezi Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883 akaikuta njia tayari inajulikana. Yaani kila kipande cha shaba kilichoko chini ya udongo ule kinaweza kuwa cha kabla ya 1895. Mahali kama hapo panawahusu wataalamu wa akiolojia, wanaopima tabaka la udongo sentimita kwa sentimita. Sarafu ikishang'olewa shimoni bila kumbukumbu, historia yake imekwisha. Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe kule Migori, usiitaje hata kwa mzaha, ni urithi wa dunia tangu 2018. Hyrax Hill kule Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937, vivyo hivyo.

Ardhi ya reli nayo ina mwenyewe. Najua kituo cha zamani kinatamanisha. Usiingie bila barua.

Na kuna mipaka isiyoandikwa kwenye sheria yoyote. Kwa Waluo boma lililohamwa huitwa gunda, na kwa mtafuta sarafu gunda ni mahali pazuri mno: watu waliishi, wakala, wakalipwa, wakapoteza. Ila humo mna makaburi, mengi hayana hata jiwe la alama, na yapo mambo ya ukoo ambayo mgeni hayaoni. Ruhusa ya kijana mmoja aliyerithi ekari mbili haitoshi. Tafuta mkubwa wa ukoo, mweleze, naye akisema hapana, shukuru unywe chai yako uende. Nimeambiwa hapana mara nyingi na sikuwahi kubishana. Akisema ndiyo, mwombe atembee nawe akuonyeshe makaburi yote kabla hujawasha mashine, kisha kaa mbali nayo.

Baada ya mwenye boma, mpitie mzee wa mtaa, na kwa chifu pia ikiwa utakuwa hapo zaidi ya siku moja. Mtu mwenye hedifoni akizungusha mtambo shambani hujaza watu kabla ya saa sita. Upande wa Kakamega ni zaidi, kwa sababu dhahabu ilipatikana huko miaka ya 1930, kampuni ya Rosterman ikachimba, na hadi leo watu wanaosha mchanga mitoni. Ukionekana na ditekta huko hakuna atakayeamini kwamba unatafuta ndururu. Na dhahabu ina sheria yake ya madini na kibali chake, usichanganye mambo hayo mawili.

Kuna kundi jingine utakalokutana nalo, nalo ni la matapeli wa rupia. Watakupigia simu usiku. Wanataka rupia ya mwaka fulani, yenye sura fulani, eti ikiwekwa karibu na mchele huuvuta punje kwa punje, na kuna tajiri Nairobi anaisubiri kwa mamilioni. Kwanza lakini utume pesa kidogo za kuipima. Hakuna rupia inayovuta mchele. Rupia ni fedha na shaba kidogo, haivuti hata pini. Mwanamume mmoja alinifuata mpaka Kibuye sokoni akiwa na punje za mchele kwenye kikaratasi ili ajaribu rupia yangu papo hapo. Nilimwacha ajaribu. Mchele ulitulia, yeye akasema rupia yangu "imelala".

Mashine yenyewe, kwa ufupi. Kile kijiti cha askari wa mlangoni benki si cha ardhini, usiuziwe. Unataka ditekta ya kawaida ya koili, yenye namba za kukadiria aina ya metali na yenye uwezo wa kusawazishwa na udongo. Hilo la mwisho ndilo muhimu huku, kwa sababu udongo wetu mwekundu umejaa chuma na mashine isiyosawazishwa hulia kila hatua. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano una tabu tofauti: kiangazi hupasuka, sarafu hutumbukia kwenye nyufa na kwenda chini kuliko mashine inavyosikia, masika hukamata koleo na kiatu pamoja. Nenda mvua ikiwa imepungua, ardhi bado ina unyevu kidogo, maana ishara husikika vizuri zaidi kuliko kwenye vumbi. Ya bei ya kati yatosha. Garrett au Minelab, zote zimenifaa. Anayekuambia lazima ununue ya laki kadhaa ana ya kuuza. Nunua na hedifoni, hazikusaidii wewe tu bali zinawanyima watoto wa kijiji burudani ya milio.

Ufukweni mwa ziwa watu huenda kwa matumaini makubwa. Fikiria kwanza. Kati ya 1961 na 1964 maji ya Victoria yalipanda zaidi ya mita 2, na Mei 2020 yakafika juu tena yakafunika hata mabanda ya Dunga. Ufuo uliokanyagwa na wafanyabiashara wa miaka ya 1920 sehemu nyingi sasa uko ndani ya maji, pamoja na viboko na kichocho. Mimi hubaki nchi kavu.

Kuchimba: kata kipande cha nyasi upande tatu, kifunue kama mlango, toa udongo juu ya gunia, tafuta, rudisha udongo, funga, kanyaga. Mwenye shamba asijue ulikuwa wapi. Takataka zote unazochimbua beba. Kisii wana hadithi zao za Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakapigana na Waingereza pale mjini. Ukiwa maeneo hayo na ukatoa kitu chenye umbo la risasi kubwa au kombora, usikigonge, usikiweke mfukoni. Ondoka ukawaite polisi.

Sarafu ikishatoka, iache. Najua mkono unawasha. Ndimu, majivu, stilwuli ya sufuria, vyote hivyo huondoa kutu na huondoa sarafu pamoja nayo. Mnunuzi anayejua kazi yake hutambua kilichosuguliwa akiwa bado amesimama mlangoni. Loweka kwenye maji safi usiku kucha, tumia mswaki laini kwa za fedha, za shaba zisuguliwe kwa kidole tu, zikauke zenyewe. Kila moja iingie bahasha yake ya karatasi, si plastiki kwani unyevu hujifungia humo, na juu ya bahasha uandike shamba, tarehe na kina. Rupia isiyo na mahali ni rupia tu.

Kuhusu kugawana, mpatane kabla hujawasha mtambo. Mimi hugawana nusu kwa nusu na wuon dala, yaani mwenye boma, naye huchagua kwanza. Tunaandika kwenye daftari la shule, tunatia sahihi, na mtu wa tatu wa boma anashuhudia, kwa sababu mtoto wake aliyeko Nairobi atapiga simu siku moja kuuliza nilibeba nini. Wengi huchagua zenye tundu badala ya shilingi za fedha. Wanazikumbuka.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, mahindi ya vuli yakishavunwa na shamba li wazi. Machi wakianza kulima, mpishe mwenye shamba apande.